Zawadi ya Maua Katika Biashara: Maneno ya Mpokeaji

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani baada ya chakula cha jioni cha mkutano wetu wa mwaka, katika bwalo la shule.)



Kamati iliponiandikia barua kunitaka niseme machache, ilinitajia na mada kabisa, yaani namna mfanyabiashara anavyoweza kutumia maua kama zawadi ili kuimarisha uhusiano wake na wateja na wale anaoshirikiana nao. Nilisoma barua ile mara mbili. Mimi sijapata kuuza hata karanga. Ni mtumishi wa serikali tangu nilipotoka Chuo Kikuu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia katika ofisi za ugavi na ununuzi, mahali ambapo wafanyabiashara huja wamenyoa ndevu na viatu vyao vimeng'arishwa. Nikampigia simu Katibu kumwuliza kama hakukosea anwani. Akacheka, akasema, "Hatukukosea. Wanaotoa zawadi tunao tele katika Umoja huu. Tunataka kumsikia anayepelekewa."

Basi nimekuja kama mpokeaji. Na kwa kuwa ninyi mnanifahamu, sitajifanya kwamba sikupata kupokea.

Maua yenyewe nilianza kujuana nayo hapa hapa. Bustani ile iliyo mbele ya ofisi ya Mwalimu Mkuu, yenye mawe yaliyopakwa chokaa, naifahamu kuliko wengi wenu, kwa sababu nikiwa Kidato cha Pili niliimwagilia majuma matatu mfululizo kwa kosa la kuchelewa mchakamchaka. Wakati ule niliyachukia maua yote ya dunia. Sikuona kwa nini mtu mwenye akili timamu abebe ndoo kutoka mtoni kwa ajili ya kitu kisicholiwa.

Na hapo, Ndugu Mwenyekiti, ndipo penye ugumu wa kwanza wa mada hii. Wengi wetu tuliotoka bara tumelelewa kuamini kwamba zawadi ni kitu cha kutia sufuriani au cha kuvaa: kuku, kilo mbili za sukari, doti ya khanga. Wenzetu wa pwani walitutangulia. Unguja, Mombasa na Lamu watu wamejua ua tangu zama za zama. Kuna kikuba, kile kishada kidogo cha asumini, rihani na kilua ambacho mwanamke hukibandika nguoni au nyweleni. Kuna langilangi, kuna mkadi. Na kwenye shughuli kuna mrashi wa kuwanyunyizia wageni marashi ya waridi. Pale ua ni heshima, nalo lina saa yake na mahali pake. Huku kwetu bara, ua la dukani tumelipokea kwa milango mitatu tu: harusi, mazishi, na uwanja wa ndege anapokuja mgeni wa taifa na mtoto wa shule akatangulizwa kumkabidhi shada.

Msidhani nafanya mzaha. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa ofisini kwetu alilazwa. Vijana tulichanga, na kwa kuwa tulikwisha kuona mambo ya kizungu tukamnunulia shada zuri la maua meupe, tukaenda nalo wodini. Yule mzee alitutazama, akalitazama shada, akamgeukia mkewe akasema, "Mama, hebu niambie ukweli, daktari amesema nini?" Mkewe akaanza kulia. Ilitubidi tukae saa nzima kuwaeleza. Maua yale tulimwachia muuguzi, na kesho yake tukarudi na machungwa.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye kampuni, kabla hujaagiza mashada hamsini kuwapelekea wateja wako mwisho wa mwaka, jiulize kwanza maua hayo yatasema nini huko yaendako. Kila nchi ina yake. Ufaransa na Italia ua la krizantemu ni la makaburini. Ukimpelekea mteja wako wa Milan umemzika. Urusi maua ya idadi shufwa, yaani mawili, manne au sita, ni ya msibani. Mtu aliye hai hupewa witiri. Waridi jekundu karibu kila mahali ni la wapenzi, na mkurugenzi anayempelekea katibu muhtasi wa kampuni nyingine mawaridi mekundu dazeni moja asishangae kupokea simu kutoka kwa mume wa mtu.

Ninapotaka kuona mahali ambapo maua yamekuwa kweli zawadi ya shughuli, zawadi ya kampuni kwa kampuni, fikira zangu huenda Japani. Nilipelekwa huko mwaka 2012 kwa mafunzo ya majuma machache. Siku moja tulipelekwa kutembelea kampuni moja, na katika ukumbi wa mapokezi nikakuta vyungu vya okidi nyeupe vimepangwa ukutani kama askari wa gwaride, na kila chungu kimechomekwa kibao chenye maandishi makubwa. Nikadhani ni duka la maua. Mwenyeji wetu akaeleza kwamba mkurugenzi mpya ameteuliwa, na hizo ni pongezi za kampuni zinazofanya kazi nao. Vibao vile ni majina ya waliotoa. Okidi hizo, ambazo wao huziita kochoran, ndizo desturi yao mtu anapopanda cheo, kampuni inapohamia jengo jipya, au duka linapofunguliwa. Kwa kawaida shina moja halitoshi. Hupambwa matatu au matano katika chungu kimoja, yamepindwa kama upinde, na ukiitunza vizuri okidi hukaa na maua yake mwezi mmoja na zaidi. Duka jipya huwekewa pia mataji makubwa ya maua nje ya mlango, nayo yana majina vilevile. Katika mji wa Nagoya wapita njia huyachuma maua hayo wakaenda nayo nyumbani, na mwenye duka hafukuzi mtu; mataji yakibaki bila kuchumwa ndipo anaposikitika, maana kumalizika upesi ni dalili ya heri.

Hata Wajapani wana miiko yao. Mgonjwa hapelekewi mmea wa chunguni, kwa sababu wenye mizizi unadhaniwa utamfanya naye aote mizizi kitandani. Na idadi ya nne na ya tisa hukwepwa, kwa vile matamshi yake yanafanana na maneno ya kifo na ya mateso.

Lakini kilichonikaa moyoni ni kile kibao. Zawadi ile ina jina la mtoaji kwa herufi za kusomeka kutoka mlangoni. Imewekwa mbele ya kila mtu, pamoja na za wenzake, na washindani wako wanaiona kama wewe unavyoona za kwao. Tena inakwenda kwa ofisi, haipelekwi nyumbani kwa mtu usiku. Nilikaa nikaifikiria habari hiyo, nikaona kwamba ua lina sifa moja ambayo saa ya dhahabu haina, wala bahasha, wala mbuzi: huwezi kulificha, huwezi kuliuza, na baada ya muda linanyauka. Aliyepokea habaki na mali. Ndiyo kusema, katika zawadi zote ambazo mtu wa biashara anaweza kumpa mwenzake, ua ndilo lililo karibu zaidi na neno tupu la asante.

Nilirudi nyumbani na mawazo hayo mazuri. Miaka miwili baadaye yakaniponza.

Hili nitalisema taratibu. Mwaka 2014 nilikuwa katika ofisi moja ya umma, mjini, na nilikuwa mmoja wa watu waliofanya tathmini ya zabuni ya vifaa vya kuandikia. Waombaji walikuwa kadhaa. Mmoja alikuwa kampuni kubwa kutoka jijini. Mwingine alikuwa mzee mmoja mwenye duka karibu na stendi ya mabasi, ambaye ofisi yetu ilikuwa imenunua kwake karatasi na wino kwa miaka mingi kabla mimi sijafika.

Siku ya Jumatano, siku tisa baada ya zabuni kufunguliwa, tarishi akaleta mezani kwangu kikapu cha mawaridi ya manjano na meupe. Kadi ilikuwa ya kampuni ile kubwa, jina limechapwa kwa rangi ya dhahabu, na maneno mafupi ya kunishukuru kwa utumishi wangu. Nilicheka. Nikasema moyoni, maua! Nani amepata kufungwa kwa ajili ya maua? Nikakumbuka Japani, nikakiweka kikapu pale pale mezani, wazi, na kadi yake, nikajiona mtu mwadilifu kwa kuwa sikuficha kitu.

Saa nne hivi yule mzee akaingia. Nikainuka, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Alikuwa ameshika bahasha ya kaki, nafikiri alitaka kuuliza jambo juu ya karatasi zake. Akakiona kikapu. Akatoa miwani mfukoni, akavaa, akainama akasoma ile kadi mpaka mwisho. Kisha akavua miwani. "Maua mazuri," akasema. Nikamwambia, "Karibu ukae, mzee, nikusaidie nini?" Akanijibu, "Ah, mwanangu, nilikuja kukusalimu tu." Akatoka na bahasha yake.

Kampuni ile ilishinda. Bei yao ndiyo iliyokuwa ya chini. Baada ya mwezi ikaja barua isiyo na jina kwa wakubwa wangu, nikatakiwa kujieleza kwa maandishi, majalada yakakaguliwa kwa muda wa miezi miwili, na mwishowe ikaonekana kwamba utaratibu haukuvunjwa. Nilipewa barua ya kusafishwa. Ninayo mpaka leo.

Lakini sikuwaelezea bado yote. Katika karatasi za kampuni ile kulikuwa na ukurasa mmoja usio na sahihi. Juma lililofuata yale maua, mimi ndiye niliyependekeza waandikiwe barua ya kutakiwa ufafanuzi, jambo ambalo kanuni ziliruhusu. Katika karatasi za mzee yule kulikosekana nakala ya leseni. Nilijua kama kila mtu pale ofisini alivyojua kwamba leseni anayo, imetundikwa ukutani dukani kwake. Yeye tulimwondoa katika hatua ya kwanza, jambo ambalo kanuni ziliruhusu vilevile. Wakaguzi walisema mambo hayo mawili hayafanani, na kisheria walisema kweli. Ila mimi ndimi niliyekuwa pale. Nimejiuliza mara nyingi kama ningekuwa mwepesi hivyo wa kuandika barua ile bila kikapu kukaa siku tano mbele ya macho yangu, kikinukia. Sina jibu. Wala sikupata jibu lolote katika barua ya kusafishwa.

Mzee hakuleta tena zabuni ofisini kwetu. Nilipokuwa nikipita dukani kwake alinipokea vizuri kabisa, aliitikia shikamoo yangu, aliniuzia kalamu. Na chenji alinihesabia polepole mkononi, noti moja moja, sarafu moja moja, mbele ya macho yangu.

Ndugu Mwenyekiti, naona baadhi ya wenzangu wanatazama sahani zao. Ngoja niendelee.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na msemo huo umetumika kuhalalisha mengi. Tulipata hata kuupa uovu jina zuri. Takrima ni neno la heshima, maana yake ni ukarimu kwa mgeni. Mwaka 2000 likaingizwa katika Sheria ya Uchaguzi, wagombea wakapata nafasi ya kugawa pilau na fulana kwa jina la ukarimu, hata Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vile mwaka 2006 kwa kuwa vilikwenda kinyume na Katiba. Neno lenyewe mpaka leo halijapona. Ukimwambia mtu kwamba unamfanyia takrima anatazama nyuma yake. Sipendi maua nayo yapatwe na msiba huo. Sheria tunazo: Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inagusa habari ya zawadi kwa viongozi, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inagusa habari ya mikataba na zabuni, tena haimsazi mtoaji. Hao Wajapani niliowasifu walitunga sheria yao ya maadili ya watumishi wa umma mwaka 1999, baada ya aibu ya maofisa wa Wizara yao ya Fedha waliokuwa wakikirimiwa na mabenki. Huko ofisa wa ngazi fulani akipokea kutoka kwa mfanyabiashara zawadi inayozidi yeni 5,000 hana budi kuiandikia taarifa. Okidi nzuri hupita bei hiyo kwa mbali. Kwa hiyo zile okidi nilizoziona zilikuwa za kampuni kwa kampuni, na mimi, kwa haraka yangu ya kurudi na maarifa, nilisahau kwamba sikuwa kampuni.

Sasa ninyi mlio katika biashara mtaniuliza, je, tusipeleke kabisa? La hasha. Pelekeni. Lakini mwangalie ni nani na ni lini. Mtu ambaye ana karatasi yako mezani kwake, iwe zabuni, iwe hati ya malipo, iwe leseni, huyo mwache bila ua. Hata kama ni rafiki yako wa bweni moja. Hasa kama ni rafiki yako wa bweni moja, maana humu ndani tumezoea kupigiana simu na kuanza na "unamkumbuka mwalimu fulani?", na kabla mtu hajamaliza kucheka ameshaombwa jambo.

Nitawapa mfano wa ua lililopelekwa vizuri. Katika ofisi nyingine niliyohamia baadaye alikuwako mama mmoja wa masjala. Alikuwa amekaa na majalada yale zaidi ya miaka thelathini. Hakuwa na sahihi ya kuidhinisha hata pini. Mwaka 2021 akastaafu. Ofisi ilimwandalia soda na karanga, ikampa saa ya ukutani, na hotuba ya dakika tano iliyosomwa na ofisa ambaye alikosea jina lake. Siku iliyofuata, alipokuwa akikusanya vitu vyake, mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji aliyekuwa akitufanyia kazi zamani, na ambaye wakati ule hakuwa na kazi yoyote kwetu, akamletea mwenyewe kwa mkono wake chungu kimoja cha maua, na kadi. Aliandika kwamba kwa miaka yote ile aliyofuatilia malipo, ni yeye peke yake ambaye hakupata kumwambia jalada halionekani.

Yule mama alikaa chini. Hakuilia saa ya ukutani wala hotuba; alililia chungu lile. Siku hizi, mtu yeyote wa ofisi ile akiulizwa na jirani yake ni nani mchapaji mzuri wa kadi za harusi, jibu ni moja. Sijui kama mchapaji alipiga hesabu hiyo. Sidhani. Naomba tu msiondoke hapa mkaanza wote kuwashehenezea makarani wa masjala maua, maana nalo litageuka kuwa mtego mwingine, na mimi nitalaumiwa.

Baina ya kampuni na kampuni mambo ni mepesi zaidi. Mteja amefungua tawi jipya, mpelekee ua siku ile ile, na kadi iliyoandikwa kwa mkono na mtu anayemfahamu. Mshirika wako amefiwa, shada liende pamoja na mtu, lisiende peke yake na dereva wa pikipiki. Kwetu sisi anayehesabiwa ni aliyekuja kukaa kwenye mkeka. Umekosea mzigo wa mtu au umeuchelewesha? Hapo wengi hukimbilia maua. Lipa kwanza hasara yake, ndipo ua lifuate. Ua lililotangulia fidia linamkasirisha mtu mara mbili. Na anayekudai, mlipe kwa wakati. Hakuna shada linalopendeza kama hilo. Najua mtasema kwamba mkubwa wa wadaiwa sugu ni serikali yangu, inayomweka mgavi mdogo mwaka na zaidi akisubiri fedha zake. Ni kweli. Nimeona watu wakiuza magari yao kwa kungojea hati tulizozilaza sisi kwenye droo. Mtu wa namna hiyo anapoleta maua ofisini, mara nyingi si kwamba anatafuta upendeleo. Anatafuta haki yake, na tumemfundisha kwamba haki ina nauli. Lawama hiyo naibeba na wenzangu wa serikalini waliomo humu.

Ama kuhusu maua yenyewe, tunayo nchini, hayana haja ya kutoka mbali. Kwenye miteremko ya Meru, pande za Usa River na Tengeru, mawaridi na maua mengine yamekuwa yakilimwa kwa ajili ya kuuzwa Ulaya tangu miaka ya 1980, na majirani zetu wa Naivasha wametupita sana kwa wingi. Mengi huenda Uholanzi, ambako kwenye mnada wa Aalsmeer bei huanza juu na kushuka kwa saa ya mnada, na wa kwanza kubonyeza ndiye aliyenunua. Ni biashara ya roho mkononi. Mwezi Aprili 2010 volkeno ililipuka Iceland, majivu yakazuia ndege za Ulaya, na wakulima wa Kenya wakayatupa mawaridi yao kama majani ya ng'ombe. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga dunia, maua yaliteketezwa huko huko mnadani. Kwa hiyo mtu anayenunua shada hapa mjini anamsaidia mkulima kuwa na soko lisilohitaji ndege.

Ukinunua, basi ulitunze. Waridi lililokatwa linataka baridi. Shambani huwekwa katika vyumba vya nyuzi mbili hadi nne. Likifika ofisini kata ncha ya shina kwa mshazari, ondoa majani yatakayozama majini, badilisha maji kila baada ya siku mbili, na usiliweke juani. Na lisikae karibu na mkungu wa ndizi mbivu au maembe. Matunda yakiiva hutoa gesi inayozeesha maua. Karnesheni hasa haliwezi kabisa kuvumilia. Nimeona shada la bei kubwa likifa kwa siku mbili kwenye kaunta ya mapokezi kwa sababu ya papai la mlinzi.

Nami napendelea zaidi mmea wa chunguni kuliko shada. Wa kupendekeza ninao, tena ni wa kwetu. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa serikali ya Wajerumani aliyekuwa akitawala pande za Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona katika milima ya Usambara kijimea cha kivulini chenye majani ya manyoya na ua la zambarau. Akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akakipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya familia ile. Leo ni moja ya mimea ya chunguni inayojulikana sana duniani. Katika madirisha ya vibibi vya Ulaya na Marekani hukosi kuiona, na Wajerumani mpaka sasa wanaiita kwa jina la Usambara. Huku kwetu msituni inazidi kuwa adimu kwa sababu misitu inakatwa. Tazama jambo hilo: mtumishi wa serikali alichukua ua la watu akampa baba yake zawadi, na ulimwengu mzima ukaneemeka nalo isipokuwa Mlushoto. Mmoja wenu mwenye mtaji akianzisha kitalu cha mmea huo, si kwa kuung'oa porini bali kwa kuotesha majani yake, ambayo huota mizizi kwa urahisi, atapata zawadi ya kampuni ambayo mgeni wa Frankfurt ataitambua na wa Lushoto atajivunia.

Vijana, nimewaona mnasinzia, nami nakaribia mwisho. Ninyi hamna wateja bado. Lakini baadhi yenu mtakuja kukaa katika meza kama ile niliyokaa mimi, na kikapu kitakuja, tena kitakuja siku ambayo hamkujiandaa, kikiwa kizuri na chepesi. Mimi sasa nikiletewa, na imetokea mara mbili tangu siku ile, namwita tarishi na mtu mwingine wa kushuhudia, tunaandika katika daftari, kadi inarudishwa kwa aliyeituma pamoja na barua ya heshima, na maua yanapelekwa wodi ya wazazi ya hospitali ya jirani. Huko hakuna anayeuliza daktari amesema nini.

Mwaka jana nilipita karibu na ile stendi. Duka lipo, mzee hayupo. Anakaa kijana wake, ambaye alinieleza kwamba baba amerudi kijijini, miguu inamsumbua. Nilitaka kumtumia kitu. Nilisimama pale nikafikiri maua, nikaona aibu, nikanunua rimu mbili za karatasi nisizozihitaji, nikamwambia kijana ampe baba salamu zangu. Akaniuliza jina. Nilimtajia. Akaliandika kwenye kipande cha karatasi, akahesabu chenji.

Katika gari langu nimekuja na miche kumi na miwili ya waridi kwa ajili ya bustani ya mbele ya ofisi, nami nimeandika barua rasmi ya kuikabidhi, nakala kwa Bodi ya Shule, na Mwalimu Mkuu hana jambo langu lolote mezani kwake. Kama yuko mwanafunzi aliyechelewa mchakamchaka leo asubuhi, ndoo bado ziko nyuma ya jiko.